Bunia: MC kwenye arusi, wa lazima ao hapana? Swali linalochelewesha vikao vya kamati kule Ngezi

Kwenye karatasi ya bajeti ya arusi, mistari ya kwanza haileti ubishi mkubwa. Nyama, mchele, vinywaji, ukumbi, nguo ya bibi-arusi, motokaa ya kubeba maarusi: kila mtu kwenye kikao anajua kwamba vitu hivyo vinahitajika, wanabishana juu ya bei tu. Halafu kamati inafikia mstari wenye herufi mbili: MC. Hapo ndipo vikao vya Jumapili mchana, katani Ngezi kama kwenye kata nyingine za Bunia, vinageuka kuwa virefu. Wajomba wanataka pesa hizo ziende kwenye soda. Vijana wanajibu kwamba feti bila MC ni sawa na matanga. Mama wa bwana-arusi, ambaye mpaka hapo hajasema kitu, anauliza swali moja: ni nani basi atakayewaita wageni wake kwa majina yao?

Swali la mama huyo ni gumu kuliko linavyoonekana. Kwenye arusi, mtu anayeshika mikro ndiye anayeamua nani anasema, nani ananyamaza, nani anatajwa na nani anasahauliwa. Katika mji kama Bunia, ambako familia mbili zinazounganishwa zinaweza kuwa za makabila mawili, za lugha tatu na zenye maombolezo ambayo hayajakauka, kuchagua mtu huyo kunahitaji zaidi ya kuangalia bei.

Kwanza jambo moja liwekwe wazi, maana kuna watu wanaoogopa bure. Ndoa haihitaji MC ili iwe ndoa. Sheria ya familia ya Kongo, namba 87-010 ya Agosti 1, 1987, iliyorekebishwa na sheria namba 16/008 ya Julai 15, 2016, inataka maarusi wawe wametimiza miaka 18, wawe wamekubaliana wenyewe, na mahari iwe imepatanwa kati ya familia na kulipwa japo sehemu yake. Inamjua afisa wa etasivili na inawajua mashahidi. Mtu wa mikro hatajwi. Kanisani ni vile vile: padri ao mchungaji anaongoza ibada yake mwenyewe, na kwa Waislamu nikahi ni mambo ya shehe, walii na mashahidi. MC anaingia wakati watu wamekwisha kuoana. Kazi yake ni ya saa nne ao tano tu, lakini ni saa ambazo familia mbili zinakaa pamoja kwa mara ya kwanza, mbele ya mtaa mzima.

Saa mbili kabla ya giza

Chukua arusi ya kawaida ya Jumamosi. Ibada inaanza saa nne ya asubuhi, inaisha saa saba kwa sababu kwaya zilikuwa tatu. Baadaye ni picha, halafu msafara: motokaa ya maarusi mbele, pikipiki zikiizunguka, honi mpaka kwenye barabara ya Libération na kurudi. Bibi-arusi anabadilisha nguo. Wakati maarusi wanaingia ukumbini, ao chini ya turubai uani, ni saa kumi tayari. Bunia iko karibu na mstari wa ikweta, kwa hiyo jua linazama karibu saa kumi na mbili ya jioni, Januari kama Julai. Inabaki mianga ya saa mbili.

Katika saa hizo mbili kunatakiwa kuingia sala, maneno ya kukaribisha, keki, chakula, vinywaji, zawadi na hotuba za kila upande. Hesabu tu wale wanaotazamia kuitwa: familia ya mwanamume, familia ya mwanamke, wasimamizi wa ndoa, kanisa, wafanyakazi wenzao, waliosoma nao, majirani wa Ngezi, na kikundi cha watu wa kwao. Ni vikundi nane. Kila kimoja kikichukua dakika 10, hiyo ni dakika 80, na bado hakuna aliyeshika sahani. Na ni nani aliyewahi kuona baba mkubwa akirudisha mikro baada ya dakika 10?

Giza mjini Bunia si jambo la kuchezea. Tangu Mei 6, 2021, Ituri pamoja na Kivu ya Kaskazini ziliwekwa chini ya hali ya dharura na viongozi wa kijeshi. Watu wamejifunza kupenda kufika nyumbani mapema. Wageni waliotoka Komanda, Kasenyi ao Mahagi hawatarudi usiku huo, wanahitaji mahali pa kulala, na mwenye kuwalaza anahitaji kujua mapema. Mgeni anayeona giza linaingia na chakula hakijatoka huondoka kimya kimya, na mara nyingine bahasha yake huondoka naye.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kutafuta MC ni saa. Muziki unaweza kupigwa na kijana yeyote mwenye simu na spika. Kupangilia vikundi nane ndani ya saa mbili bila kumkosea mtu ni kazi nyingine kabisa.

Mtu asiye ndugu

Zamani kazi ya maneno ilikuwa ya wazee. Kila upande ulikuwa na msemaji wake, mtu mzima anayejua methali na anayejua ukoo wa wenzake. Kwenye siku ya mahari desturi hiyo ingali hai: baba wa msichana hajibu mwenyewe, anajibiwa na msemaji, na hata akitaka kukataa jambo anamnong'oneza huyo kwanza. Upande wa pili wa mpaka, Waganda wamefanya kazi hiyo kuwa ya kulipwa. Kwenye kwanjula, siku ambayo kijana anatambulishwa kwa wakwe, kila upande unakuja na mwogezi wake, na wawili hao wanashindana kwa maneno mbele ya wageni. Nchini Tanzania anayeongoza sherehe anaitwa mshereheshaji, na watu wamezigeuza herufi MC kuwa "msema chochote", jina la mzaha ambalo kamati yoyote ingefaa kulifikiria kabla ya kutoa avansi.

Lakini arusi ya leo imepanuka kuliko uwezo wa msemaji wa familia. Mzee anayejua ukoo wake vizuri hawajui wafanyakazi wenzake bwana-arusi, hajui kwaya ipi inaimba kabla ya ipi, na zaidi ya yote, yeye ni ndugu. Hapo ndipo tatizo lilipo. Kwa desturi za huku, mkwe hamkatizi baba mkwe. Mdogo hamnyang'anyi mkubwa neno. Mjomba wa bwana-arusi hawezi kumwambia shangazi wa bibi-arusi kwamba wakati wake umekwisha, hata kama amekwisha kusimulia habari za bibi-arusi tangu kuzaliwa mpaka darasa la nne na bado anaendelea.

MC anaweza. Anasogea taratibu pembeni mwa mzee, anacheka, anamshukuru kwa heshima zote, anaomba watu wampigie makofi, na muziki unapanda. Mzee anaenda kukaa akiwa amefurahi. Angelifanya hivyo mtoto wa familia, jambo hilo lingelizungumzwa kwenye kila matanga kwa miaka kumi. Kwa hiyo kinacholipwa kwa MC mzuri ni ule ugeni wake: yeye si mkwe wa mtu, hana deni la heshima kwa upande mmoja kuliko mwingine, na kesho atakuwa kwenye arusi ya watu wengine.

Wale wanaosema kwamba MC ni pesa za kutupa mara nyingi hawajawahi kuwa wao wa kumkatiza mzee.

Baba asiyesimama

Lakini ugeni huo huo ndio hatari yake, na Bunia inaijua hatari hiyo kuliko miji mingine.

Vijana wengi wanaooana sasa walizaliwa wakati wa vita vya 1999 hadi 2003 ao miaka michache baadaye. Mei 2003 mji wenyewe ulipiganiwa, kabla ya askari wa Ulaya wa operesheni Artemis kuingia mwezi uliofuata. Halafu kuanzia Desemba 2017 mauaji yalirudi Djugu, yakafika na Irumu na Mahagi, na watu wengi sana wakakimbilia Bunia. Wengine wako kwa ndugu, wengine kwenye kambi ya wahami ya Kigonze. Katika karibu kila ukumbi wa arusi kuna meza yenye watu waliopoteza mtu.

MC asiyejua hayo anafanya kile alichofanya Jumamosi iliyopita kwenye arusi nyingine. Anaomba baba wa bibi-arusi asimame ili apigiwe makofi. Hakuna anayesimama. Baba mdogo anatazama huku na huku, kisha ananyanyuka nusu. Bibi-arusi anainamisha kichwa, mama yake anatafuta kitambaa, na mpiga muziki anaongeza sauti ili kufunika kimya. MC hakuwa na nia mbaya. Hakuambiwa tu kwamba baba huyo hayupo tena, na hakuuliza.

Mitego ya namna hiyo ni mingi. Kuuliza kwa furaha watu wa kijiji fulani wako wapi na wainue mikono ni mchezo usio na neno katika miji mingi. Huku, kuna watu ambao hawataki ijulikane ukumbini kwamba wametoka kijiji hicho, na wengine kijiji chenyewe kimechomwa. Kuwaita "wageni wetu waliotoka kambini" mbele ya wote, hata kama ni kwa ajili ya kuwapa nafasi nzuri, ni kuwavua nguo. Wahami wanaokuja arusini wamefua, wamepiga pasi, na wameazima viatu ili siku hiyo moja wawe wageni kama wengine.

Halafu kuna utani wa kabila: nani anapenda pesa, nani anapenda ng'ombe, nani ni mkali, nani anakula nini. Mahali pa pombe watu huucheka. Kwenye arusi ya mchanganyiko, ambayo Bunia haikuacha kuifunga hata miaka ya vita, utani huo unapita kwenye spika kubwa na kufika kwenye meza ambayo haikuja kucheka. Kila upande unahesabu: wametutania mara tatu, wao mara moja. Hesabu hiyo haisahauliki, na atakayeilipa ni bibi-arusi, nyumbani kwa wakwe zake, siku ambayo ugomvi mdogo utatafuta mahali pa kuanzia. MC mwenyewe afahamu kwamba mikro haiko nje ya sheria: Kongo ina amri-sheria namba 66-342 ya Juni 7, 1966 inayoadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Hakuna familia inayotaka kwenda kortini kwa sababu ya arusi, lakini kamati inaweza kumkumbusha mtu jambo hilo kabla ya kumlipa.

Lugha nayo ina kesi yake. Kiswahili cha Bunia kinawafikia wengi, lakini hakiwafikii wote. Wageni kutoka upande wa Aru wamezoea Lingala. Kati ya bibi wazee kuna anayesikia Kihema tu, ao Kilendu, Kialur, Kilugbara, Kibira, Kinande. Hakuna MC anayejua zote, wala haimlazimu. Kinacholeta shida ni MC anayetumia nusu saa kwa Kifaransa kizuri ili asikike kuwa amesoma, huku wazee waliomzaa bwana-arusi wakitazama chupa zilizo mbele yao. Ao yule anayejua lugha ya upande mmoja, akaitumia kwa kuchekesha upande huo, na upande wa pili ukabaki kuulizana: amesema nini? Ametusema sisi? Kama lugha ya upande mmoja inatumika, ni lazima ya upande wa pili itumike pia, hata kwa salamu tu, na ikiwa MC haijui, mtu mwingine apewe mikro kwa dakika mbili.

Pesa, na ile pesa isiyoandikwa

Bei ya MC hupatanwa, mara nyingi kwa dola, sehemu ikilipwa mbele na sehemu siku yenyewe. Ubishi mwingi unatokana na maneno ambayo hayakusemwa siku ya kupatana. Je, bei hiyo ni pamoja na spika na jenereta, ao ni ya mdomo peke yake? Inahesabiwa mpaka saa ngapi? Kama maarusi watachelewa kanisani, nani anabeba saa hizo? Na kama MC ana arusi mbili Jumamosi hiyo hiyo, atatuma nani kwenye ile ya pili? Familia imempatana mtu fulani kwa sababu ya tabia yake, halafu anakuja kijana wake ambaye hawajawahi kumwona.

Hiyo ni pesa ya wazi. Iko nyingine ambayo haiandikwi kwenye bajeti, nayo inatoka mifukoni mwa wageni. MC anamwita mgeni kwa jina aje "kutia nguvu". Anapandisha bei ya kipande cha keki kama mnadani. Anataka kila anayecheza aangushe noti. Wageni wenye uwezo hucheka na kutoa. Wasio nao wanaangalia mlango. Siku ya Jumatatu swali linaulizwa: ile pesa ya mnadani ilikuwa ya nani, ya maarusi ao ya MC? Kama halikuulizwa kabla, jibu lake halitakuwa zuri.

Mbaya zaidi ni kusoma bahasha kwa sauti. Fulani ametoa kiasi hiki, fulani kiasi hiki, makofi. Mjane aliyeleta kitenge kimoja na sahani mbili, alizozinunua kwa kujinyima, anasikia jina lake likifuata la mfanyabiashara. Desturi hiyo ingekoma kesho, hakuna arusi ambayo ingepungukiwa kitu. Kamati ina haki ya kumkataza MC mambo mawili hayo, mnadani na kusoma viwango, na MC anayekataa masharti hayo amejieleza mwenyewe.

Walioolewa bila MC

Je, inawezekana kuacha? Wapo waliokwisha kuacha, na wengine hawakupenda kuacha. Machi 18, 2020, kwa sababu ya Covid-19, Rais Félix Tshisekedi alikataza mikusanyiko ya watu zaidi ya 20. Ituri wakati huo ilikuwa bado haijatoka katika Ebola, ambayo mwisho wake ulitangazwa Juni 25 ya mwaka huo, na watu walikuwa tayari wamezoea kunawa mikono mlangoni na kusalimiana bila kushikana. Desemba 2020 masharti yalirudi makali: sherehe za furaha zikakatazwa, mikusanyiko ya zaidi ya watu 10 ikakatazwa, na kutembea usiku kukafungwa kuanzia saa tatu. Walioingia kwenye ndoa miezi hiyo hawakuwa na ukumbi wala mikro. Ilikuwa etasivili ao kanisa, chakula nyumbani, mzee mmoja wa kila upande akasema neno, watu wakalala mapema. Ndoa hizo zipo, zina watoto.

Arusi ya namna hiyo inawezekana leo pia, bila kulazimishwa na mtu. Wageni wachache uani, chini ya turubai, meza zikikaribiana. Msimamizi wa ndoa anaongoza, ao kiongozi wa kwaya aliyezoea kusimama mbele ya watu. Makanisa mengi ya Kiprotestanti, ambamo dansi haina nafasi, hutumia mwongozaji wa kanisa na mambo yanakwenda vizuri. Faida yake kubwa ni kwamba mtu wa nyumbani anajua. Anajua nani amekufa, nani hasalimiani na nani, mjomba gani lazima aitwe wa kwanza, bibi gani hasikii Kiswahili. Hatamwomba baba asimame.

Hasara yake inajulikana: hataweza kumkatiza mzee. Kwa hiyo anayeacha MC inambidi akate hotuba kabla ya siku, kwenye kikao, wakati watu hawajanywa. Sauti moja kwa kila upande, si zaidi. Vikundi vingine vitoe zawadi kwa wimbo bila kusema neno. Wazee wakubali hivyo mbele ya wote, na msemaji wa kila upande ajulikane jina. Familia inayoshindwa kupatana juu ya hilo Jumapili haitalipata siku ya arusi, na ni afadhali itafute MC.

Wengi hudhani kwamba kipimo ni wingi wa watu: wageni wakizidi mia, MC, wakiwa chini, hapana. Kipimo hicho kinadanganya. Watu 300 wa parokia moja, wanaojuana, wanaoimba nyimbo zile zile, wanaweza kuongozwa na katekista wao mpaka mwisho. Watu 60 wa familia mbili ambazo hazijawahi kula pamoja, moja kutoka Djugu na nyingine kutoka Irumu, moja iliyokuwa bado inalalamika juu ya mahari mpaka wiki iliyopita, hao ndio wanaohitaji mtu wa kati asiye wa upande wowote. Kamati ihesabu pande, kisha ihesabu viti.

Shangazi na karatasi

Kati ya kuwa na MC mgeni na kutokuwa naye kabisa, kuna njia ya tatu ambayo haigharimu zaidi. MC anapewa kiti, na kando yake anakaa mtu wa familia, mara nyingi shangazi ao dada mkubwa, mwenye karatasi mkononi. MC ana sauti na ana uhuru wa kukatiza. Shangazi ana habari. Kabla ya kumwita mtu, MC anainama kidogo. Shangazi anatikisa kichwa ndiyo ao hapana. Kama pande ni mbili za lugha mbili, wanakaa mashangazi wawili, na mara nyingine ndio wanaozoeana wa kwanza kuliko watu wote wa ukumbi huo.

Ili ifanye kazi, MC aje kwenye kikao kimoja kabla ya siku, hata kwa nusu saa, wala asipewe maelezo kwa simu akiwa kwenye pikipiki. Katika kikao hicho hakuna haja ya kuzungumzia mavazi yake wala nyimbo. Yanatosha majina na namna ya kuyatamka, cheo cha kila mtu katika ukoo, ni nani anasema kwa niaba ya baba kama baba hayupo, marehemu gani watatajwa kwenye sala na gani familia haitaki watajwe siku hiyo, saa ya chakula, na saa ya mwisho.

Karatasi yenyewe huwa tayari Ijumaa jioni, wakati wanawake wanachambua mchele na sufuria kubwa zinaazimwa kwa majirani. Upande wa mbele ni majina ya kuita, kwa utaratibu. Upande wa nyuma umeandikwa na shangazi kwa mkono wake, mistari mitano ao sita: usimwite huyu na huyu pamoja. Usiulize watu wametoka kijiji gani. Baba hayupo, muite baba mdogo. Bibi wa upande wa mwanamume hasikii Kiswahili, msalimu kwanza kwa Kialur. Saa kumi na moja na nusu, chakula, hata kama mjomba bado anasema.